Hakuna Nusu

Naanza na kosa langu la kipumbavu, nilitaje mwenyewe kabla hajanitangulia mtu. Siku ya tatu ya msiba wa Mjomba Harith, nikiwa njiani kwenda kwetu Ansab, hapa Maskati, nilisimama kituo cha petroli, nikashusha kioo kidogo tu cha kupitisha sauti, nikamwambia kijana wa pampu, "Nuss." Nusu. Kisha nikazama kwenye simu kusoma salamu za rambirambi. Nilipowasha gari, naona mshale wa petroli umesimama katikati. Nikafoka. Nilimwambia kwa kile Kiarabu changu cha kufokea kwamba mimi si mtoto, kwamba hila zao nazijua, na kwamba tangi la mtu halitiwi nusu kwa sababu tu amekuja amevaa nguo za msiba. Wa gari za nyuma wakatoa vichwa. Kijana wa watu akaniangalia kwa upole, akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Mama, wewe kusema nusu."

Nikalipa, nikaondoka na aibu yangu. Ndiyo maana sitoki. Nimesoma mpaka sekondari, nikaolewa, nikakaa ndani, na katika yote niliyojifunza, kukaa ndani ndiko nilikofuzu. Mawifi zangu husema mimi nikienda sokoni naaga kama ninayekwenda Hija. Basi na waseme. Lakini siku ile sikuweza kucheka, kwa sababu harufu ya petroli ilikuwa imeshaingia garini, na neno lile nilikuwa nimelisema kwa sauti ile ile na kwa upana ule ule wa kioo alioutumia marehemu, zamani, asubuhi moja ya Ijumaa, mimi nimekaa kiti cha pembeni nimevaa malapa ya pwani.

Nyumba yetu na nyumba ya Ami Khalfani zilikuwa zimeshirikiana ukuta. Kwetu tulikuwa bibi, mama, mimi, na Mjomba Harith, mdogo wake mama, kijana ambaye hajaoa bado. Baba alifanya kazi jangwani kwenye mafuta, akija na kuondoka kama mgeni mwenye ufunguo. Upande wa pili alikaa Ami Khalfani na mkewe Bi Zuwena na binti yao Asma, wa umri wangu. Ami hakuwa ami yangu wa damu; kwetu jirani mwanamume akishaota ndevu ni ami, yamekwisha. Wazee wao walitoka Unguja kama wazee wetu, na nyumba zote mbili zilikuwa zikiamkiana kwa Kiarabu na kugombana kwa Kiswahili.

Katikati ya ukuta huo, uani, mlikuwa na mlango mdogo wa bati. Futari ilipita hapo, umbeya ulipita hapo, tetekuwanga ilipita hapo ikaniacha na kovu la kidevuni, na mimi nilipita hapo kutwa. Wenzangu walikuwa na viwanja na pwani. Mie nilikuwa na mlango. Dunia yangu ilikuwa nyumba mbili, na katika nyumba ya pili nilijua kila pembe isipokuwa stoo ya Bi Zuwena, kwa sababu mwaka ule alianza kutufukuza humo. Siku moja mimi na Asma tulijificha nyuma ya gunia lake la mchele, mgongo wangu ukagusa kitu cha chuma, cha mviringo, baridi. Kabla sijageuka kukitazama, Bi Zuwena alitutoa kwa mwiko. Nikaamini ni bati kubwa la halua analoficha asile mtu ila yeye. Nilimchukia kidogo kwa ajili ya halua hiyo.

Nje, baina ya mageti mawili, ulisimama mkunazi mmoja, na kivuli chake kilitosha gari moja. Nyinyi wenzangu mliokulia Maskati hamhitaji kuelezwa. Mnajua maana ya kuingia garini adhuhuri ya kiangazi na usukani ukashikika kwa mkono mtupu. Watu wamenuniana kwa kidogo kuliko hicho.

Na magari yenyewe hayakuwa magari ya kuachwa juani. Mjomba alikuwa na la Kimarekani, jeusi, la milango miwili, boneti refu kama meza ya harusi, na chini yake injini ya silinda nane ambayo ikiwashwa vikombe vya kabatini vilianza kuzungumza. Ami Khalfani alikuwa nalo la namna hiyo hiyo, jekundu. Yote mawili yalikuwa makuukuu hata wakati huo, lakini waliyaosha kila Ijumaa kama wanaoosha maharusi, wakirushiana maneno juu ya mabomba ya maji.

"Khalfani, hilo lako linakwenda au linasindikizwa?"

"Lako, Harith, lina kelele za kuku aliyetaga. Yai ndilo hatulioni."

Kila mmoja alimshuku mwenzake. Gari la Ami Khalfani likitoka asubuhi kabla ya mjomba hajaamka, mjomba alisema limekwenda kufunguliwa injini kwa siri. Mjomba akinunua plagi mpya, Ami Khalfani alikuja kuazima bisibisi ambayo haihitaji, macho yakiwa chini ya boneti. Na atakayewahi kivuli usiku ndiye atakayechekwa asubuhi kwamba amevizia kama paka. Mwisho wake wakakubaliana mbele ya watu: wakashindane. Barabara ya viwandani Rusayl, Ijumaa asubuhi, viwanda vimefungwa. Atakayeshinda kivuli ni chake, na atakayeshindwa asiutazame tena mkunazi hata kwa jicho la kunazi.

Masharti yalitungwa Alkhamisi alasiri, uani kwa Ami Khalfani, mimi na Asma tukila njugu hapo hapo. Nimesikia watu wakisema sharti ni haki iliyotamkwa. Yale hayakuwa haki. Kila sharti lilikuwa tuhuma iliyovishwa kanzu.

"Tutajaza tangi sote, pomoni," Ami Khalfani akaanza. "Kituo kimoja, pampu moja. Sitaki mtu aje na gari jepesi kama debe tupu."

"Nimekubali. Na mabuti ya magari, huko nyuma, tuyafungue tutazamane."

"Buti halifunguliwi," Ami Khalfani akajibu mbio. "Buti la mtu ni kama chumba chake. Tustahiane."

Mjomba akamtazama. "Buti ni chumba?"

"Chumba."

Ikaja habari ya uzito. Ami Khalfani alikuwa mtu wa kujaza mlango. Mjomba alikuwa mwembamba kama uzi uliobaki kwenye sindano. "Mie nnabeba nyama, wewe unabeba mifupa," akasema Ami Khalfani. "Hiyo si haki hata kidogo."

"Sasa ninenepe mpaka kesho?"

"Pakia kitu. Tia gunia la mchele."

Bi Zuwena akapiga kelele kutoka jikoni: "Gunia langu halitoki humu ndani! Mkitaka mchele nendeni mkapande!"

Macho yao wote wawili yakazunguka uani, yakatua juu yangu na njugu zangu. Mimi nilikuwa mtoto wa kushiba, sina haja ya kuficha; na kwa mtoto asiyetoka nje kila tonge hukaa. Ami Khalfani alikuja akanishika makwapani, akaninyanyua, akagumia, akanishusha.

"Huyu," akasema, "ni haki kamili."

Katika umri wangu wote nimeitwa majina mengi, lakini haki kamili nimeitwa mara hiyo moja.

"Limebaki moja," mjomba akasema. "Nos."

"Ma shay nos," Ami Khalfani akaitikia, mkono kifuani. "Hakuna nos, wallahi. Atakayetia nos si mwanamume."

Nyinyi mnaijua nos. Ni gesi ya mtungi, wenye magari ya mbio huiunga kwenye injini, gari likapigwa teke na shetani. Leo kila mtoto anaijua. Lakini mimi gesi niliyoijua ni ya jikoni tu, na neno nililosikia nilikuwa nalo tangu meno ya utoto: nuss, nusu. Bibi akikata mkate wa kumimina alisema nuss wako, nuss wa Asma. Nao si sasa hivi wametoka kusema tangi zijazwe? Nikaona ni wazee wanaorudia maneno kama kawaida ya wazee: tangi zijazwe, na hakuna nusu. Sharti jepesi. Nikaona raha kwamba katika mambo yote yale ya kiume, hilo moja nimelielewa bila ya kuuliza.

Asubuhi mama aliambiwa nnapelekwa Yiti kuchezea maji. Akanivisha malapa, akanifungia mandazi. Mimi nilijua ni Rusayl kwanza, lakini mjomba aliniapia kwamba Yiti itafuata. Hata kwa elimu yangu ya chumbani nilijua Rusayl na Yiti zimepeana mgongo, na shaka ikaanza kunitambaa. Hata hivyo nikanyamaza. Mtoto aliyeahidiwa bahari huwa mpumbavu wa hiari.

Ami Khalfani alijaza mbele yetu, pomoni, mpaka petroli ikamwagika ubavuni, na harufu yake ikajaa hewani. Akatupungia mkono, akatangulia. Mjomba akasogea kwenye pampu ile ile. Alingoja jekundu lipotee kwenye mzunguko, akashusha kioo upana wa vidole, akasema, karibu asinene, "Nuss."

Nikageuka kumtazama. Yeye hakunitazama.

"Mjomba, si mlisema..."

"Kunywa juisi yako."

Sikuwa nayo juisi. Akaenda akaninunulia. Ndipo nikajua kwa hakika kwamba kuna ubaya, maana mjomba yangu hakuwa mtu wa kununua juisi asubuhi.

Njia nzima nilikuwa nimekaa juu ya dhambi. Nilihisi tangi linapwaya nyuma yangu, nusu petroli, nusu uongo. Mimi haki kamili nimepakiwa kwenye gari lenye tangi la nusu! Wao wawili hawakumtaka refa, kwa kuwa kila mmoja aliamini refa atakuwa wa mwenzake. Kwa hivyo pale Rusayl hatukuwa ila sisi watatu na barabara ndefu iliyonyooka katikati ya maghala yaliyofungwa, na nguo za vibarua zilizoanikwa kwenye uzio. Mwisho wa mbio ulikuwa ni tangi la maji la manjano kule mbele. Ami Khalfani angepiga honi tatu, ya tatu ndiyo ruhusa.

"Mbona unapiga wewe?" mjomba akauliza dirishani.

"Basi piga wewe."

"Nikipiga mimi utasema nimejipunja au nimekupunja?"

Wakapiga wote, kila mtu yake, na honi ya ngapi ilikuwa ya tatu mpaka leo haijulikani.

Sijapata kuona barabara ikinijia vile. Kiti kilinimeza. Mandazi yalipanda kifuani, malapa yakaniruka miguuni. Mipira ililia, moshi ukaingia, nikasoma kila sura niliyofundishwa chuoni, nyingine nikaanzia katikati. Jekundu lilitutangulia. Naliona ubavuni, kisha naona taa zake za nyuma, na mjomba anauma mdomo. Halafu, tulipokaribia nusu ya njia, gari la Ami Khalfani likapiga chafya. Ndivyo nilivyoisikia: chafya moja kubwa, kama ya mzee aliyenusa ugoro, na wingu likatoka nyuma yake. Likayumba, likapoa. Tukalipita. Tukalifikia tangi la manjano mbele yake, mjomba akipiga makofi kwenye usukani, mimi nikitafuta malapa.

Ami Khalfani alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Uso umemwiva.

"Nos!" akapiga kelele. "Umetia nos! Hanipiti mtu leo, Harith! Leo hanipiti mtu ila kwa nos!"

Mjomba akacheka. "Fungua buti langu, fungua boneti, tazama mpaka uchoke. Kisha na mie nitazame lako."

Hapo Ami Khalfani akaweka mgongo wake mpana juu ya buti lake. "Mabuti hayafunguliwi. Tulikubaliana. Mwenye kuvunja sharti ni wewe tena." Akafuta jasho, akanitazama. "Tumuulize mtoto. Mtoto hana upande."

Akachutama mbele yangu. Alikuwa mtu aliyenipa kunazi na kunibeba begani, na jicho lake siku ile lilikuwa geni. "Mwanangu, wewe mtoto wa chuoni. Sema haki mbele ya Mungu. Mjomba wako katia nos?"

Katia nusu? Nilimtazama mjomba. Alikuwa bado na kicheko mdomoni, anangoja niseme hapana, kwa sababu alijua gari lake halina hata harufu ya gesi. Mimi nikatazama miguu yangu. Nilikuwa na lapa moja tu. Viwanda kushoto, viwanda kulia, na bahari yangu ya Yiti haipo popote. Ukweli ulinisukuma, sikatai, lakini na kinyongo kilikuwa nyuma kinausaidia.

"Katia," nikasema.

"Umemwona?"

"Nimemwona kwa macho yangu. Leo asubuhi."

Kicheko cha mjomba kikakatika. Nimekitafakari sana kile kimya chake, kwa sababu mtu asiye na kosa angeruka juu, angeapa, angevunja buti kwa jiwe. Yeye alinitazama, akalitazama gari, akafungua mdomo, akaufunga. Ami Khalfani alisoma uso ule kama tulivyousoma sote: uso wa mtu aliyekamatwa.

"Basi," Ami Khalfani akasema, na mpaka leo nashangaa jinsi alivyolisema bila furaha. "Yamekwisha. Kivuli changu."

Tukarudi. Njiani mjomba aliniuliza mara moja tu. "Umesema ulichokiona?"

"Ndiyo."

"Basi umefanya vyema," akasema, akaniteremshia kinga ya jua, kwa sababu jua lilikuwa linanipiga usoni.

Ingekwishia kwenye kivuli, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mama alijua yote kabla ya sala ya Ijumaa, kwa sababu nilirudi na lapa moja na harufu ya mpira ulioungua, na Yiti haina harufu hiyo. Akapita mlango wa uani kwenda kumwambia Ami Khalfani maneno yake: mtu mzima gani anampakia mtoto kama mchanga? Ami Khalfani akamjibu kwamba wa kuulizwa ni ndugu yake mwenye hila. Mama akasema hila aliziona kwa watu wanaoogopa kufungua mabuti. Sauti zikapanda. Wiki ile ile akaja fundi na matofali ya saruji, na mlango wangu ukazibwa, kuanzia chini kwenda juu. Mimi na Asma tulisimama kila mtu upande wake tukitazamana mpaka tukabaki vipaji vya nyuso. Kisha fundi akaweka tofali la mwisho, na mimi nikabaki na nyumba moja.

Ramadhani ilipoingia, sahani za futari zikalazimika kutoka geti la mbele, kuzunguka barabarani, na kufika zimepoa. "Wanaume wamekimbiza mabati," bibi alisema akifunika bakuli la uji, "sie tumefungiwa njia." Mchukuzi wa sahani nikawa mimi, mtoto wa ndani, natembea juani na bakuli mikononi, na kila hatua nilijua kwamba nimeyataka mwenyewe kwa neno moja. Bi Zuwena alipokea mlangoni, akasema ahsante, akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nilidhani ananichukia. Na mimi sikuwa nimemsamehe halua yake.

Kilichonitia shaka zaidi ni kivuli. Ami Khalfani aliegesha chini ya mkunazi siku chache tu, kisha akaliondoa jekundu na kulirudisha juani. Kivuli alichokishinda akakiacha kitupu. Nilikaa dirishani nikikitazama kama askari.

"Anatega," mjomba akasema. "Anangoja nitie langu aniite mwizi wa kivuli."

Basi na yeye hakutia. Magari mawili yakachomwa jua kila upande, rangi zikabanduka, na mkunazi ukamwaga kunazi zake kwenye mchanga mtupu. Miaka. Mimi katika miaka hiyo nikawa mtu wa kushuku kila kitu. Mtu akinipa zawadi nauliza ametia nini. Mume wangu akija na maua natazama buti kwanza.

Maana ya neno niliipata sekondari. Msichana mmoja darasani alikuwa anasimulia kaka yake alivyoshikwa na polisi kwa kutia nos kwenye gari. Nikamcheka. Nikamwambia, kwani kutia nusu tangi kuna kosa gani la polisi? Darasa zima lilinigeukia. Aliponieleza, nilicheka nao, nikaenda msalani, nikakaa huko mpaka kengele ilipolia.

Siku hiyo nilimkuta mjomba anafuta vumbi gari ambalo halikuwa likitembea tena. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: nilisikia nusu, nikasema nusu, twende sasa hivi kwa Ami Khalfani tukamwambie, mlango ufunguliwe.

Hakushtuka. "Nilijua pale pale," akasema.

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba sikutia nos, nilitia nusu?" Akakung'uta kitambaa. "Nilitia nusu, sikutia?"

"Ulitia."

"Na sharti lilikuwa nini?"

"Pomoni."

"Basi ushahidi wako ulikuwa sahihi. Neno tu ndilo lilikosea nyumba." Akacheka kidogo, akaendelea kufuta. "Usimwambie mtu, mwanangu. Mimi kuitwa mtu wa nos nimezoea. Kuitwa mtu wa nusu sitaweza."

Nikanyamaza kama alivyotaka. Lakini niliondoka na shaka nyingine, ambayo sikuthubutu kumwambia: kama aliyehukumiwa alikuwa na kosa, mbona aliyeshinda hakupata kukaa kivulini?

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipofika msibani siku ile, nikinuka petroli na aibu. Nje ya geti, chini ya mkunazi, walikaa wanaume kwenye viti vya plastiki, na katikati yao Ami Khalfani, mzee sasa, nyama zote zimemwondoka, analia. Hakuwa analia kama jirani. Alikuwa analia kwa mabega. Watu walimpigapiga mgongo wakisema tazama mapenzi ya majirani wa zamani. Mimi nikashuku. Machozi mengi namna ile yana buti lake lililofungwa.

Ndani nilimkuta Bi Zuwena pembeni ya wanawake, amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha la uani, ambapo matofali ya mlango wangu yanaonekana bado, meusi kidogo kuliko ukuta. Anamenya chungwa. Nikakaa ubavuni pake. Mjomba keshalala ardhini, na kiapo cha kunyamaza nilikiona kimelala naye. Nikamwambia kwa sauti ya chini, yote: neno nililolisikia, kioo kilichoshushwa, juisi, lapa, tangi.

"Bi Zuwena," nikamaliza, "marehemu hakutia nos hata siku moja. Alitia nusu tangi. Nataka Ami Khalfani ajue kabla na yeye hajaondoka."

Hakuacha kumenya. Alitoa ganda lote kwa mzunguko mmoja bila kulikata, akaliweka mapajani, akaligawa chungwa katikati, nuss yake, nuss yangu, akanitia langu kiganjani. Kisha akasema, wala hakupunguza sauti:

"Nos tulikuwa nayo sie, mwanangu, nyuma ya gunia langu la mchele, na nusu tangi ya mjomba wako ikatupita."